Namba Mbili wa Mama Dympna

Jumatatu, Aprili 8

Daftari hili kanipa Mama Dympna Carabine leo jikoni kwake. Kasema kila nyumba tutakayopiga hodi niandike jina la mwenye nyumba na shida yake. Hizo naanzia mbele. Huku nyuma hakusema pawe pa nini, basi naandika yangu. Shule niliiacha na miaka kumi na nne, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea, na siongei sana.

Ilikuwa hivi. Waliniita, nikadhani mtaro wa nyuma ya nyumba umeziba tena, nikaja na katapila yangu ndogo. Kumbe hakuna mtaro. Mezani yuko Mama Dympna, diwani wetu miaka ishirini na tano, na Mwalimu Tarpey, aliyenifundisha zamani na kunitoa nje ya darasa mara nyingi kuliko alizoniacha ndani. Siku hizi amestaafu, anaongoza kampeni za chama. Ametandaza ramani. Meza ile inacheza, mguu mmoja mfupi, kila Mwalimu akiegemea chai inamwagikia ramani.

Mwalimu kasema mwaka huu viti vya kata yetu vimetoka sita vimekuwa vitano, na Hubert Lavelle anagombea. Lavelle ndiye anayezika watu huku kwetu. Hakuna familia ambayo hajaishika mkono ikiwa inalia. Kwa hiyo chama kinataka mtu wa pili kwenye karatasi ya kura, mtu wa milimani, Derryvoola, ambako Mama Dympna hajawahi kuvuna sana. Mtu huyo azoe kura za milimani, halafu aanguke, kura zake zimwendee Mama Dympna.

"Unajua inavyokwenda," akaniambia, taratibu, kama anaongea na ng'ombe. "Mpiga kura anaandika moja kwa anayempenda, mbili kwa anayefuata, mpaka achoke. Aliye chini kabisa anatolewa, karatasi zake zinakwenda kwa namba mbili zao. Tunatoa mwingine wa chini, tunatoa mwingine, mpaka viti vijae. Kazi yako, Keaveney, ni kushindwa. Lakini ushindwe vizuri."

Mama Dympna akamwambia aache kumtisha mtoto wa watu. Akanigeukia akaniuliza kama nataka mwenyewe.

Sikutaka. Lakini baba alipokufa huyu mama alikuja nyumbani siku nne mfululizo, akamjazia mama fomu zote za pensheni. Na nilipotaka leseni ya udereva akaona naigeuzageuza ile fomu, akaichukua akajaza huku anaongea habari za mvua, kama vile kila mtu hujaziwa. Hajalitaja mpaka leo.

Nikasema sawa.

Jumapili, Aprili 14

Wamenipiga picha ya bango. Koti la Mwalimu, shati la marehemu baba. Mama kaitazama kasema nimefanana na mtu aliyepotea anatafutwa.

Jumamosi, Aprili 20

Siku ya kwanza ya milango. Nyumba kumi na tisa, mvua tangu asubuhi.

Mama Dympna anapiga hodi, mlango ukifunguka tu anauliza goti la mtu, mtoto wa mtu, mbwa wa mtu, kwa jina. Mimi miguu ilikataa kuvuka geti. Kwa Attracta Moran geti lilikuwa limelala upande mmoja, bawaba imelegea. Nina bisibisi mfukoni siku zote. Nikakaza bawaba. Wakati namaliza Mama Dympna naye kamaliza, Attracta akapaza sauti kutoka mlangoni akauliza yule mgombea wenu ana ulimi kweli.

"Anao," Mama Dympna akamjibu. "Anautunza. Angalia geti lako."

Jumapili, Aprili 21

Mvua.

Jumatatu, Aprili 29

Wamekuja kutukatia mboji kule kinamasini, mashine imeutema ule udongo mweusi tunaouchoma kama kuni, mistari mirefu, upo chini umelala. Sasa unataka jua na upepo ukauke, la sivyo majira ya baridi mimi na mama tutawasha nini. Jua halijaonekana.

Jioni nikafunga mabango kwenye nguzo. Kujifunga mwenyewe kwenye nguzo si kitu cha kawaida. Nilianza na ya Mama Dympna, ndipo nikajifunga mimi, chini yake.

Jumapili, Mei 5

Mwalimu kaleta kadi. Kachora mstari mwekundu kwenye ramani. Juu ya mstari, watu waambiwe waandike Keaveney moja, Carabine mbili. Chini ya mstari, Carabine moja, Keaveney mbili. Mstari ulitakiwa upite darajani. Yeye kaushusha mpaka chini ya kijiji cha Cloonkeel, kasema watu wa Cloonkeel na mafuriko yao wananijua kuliko wanavyomjua padri. Ni kweli, mitaro yao yote nimeichimba mimi. Lakini Cloonkeel wamekuwa wa Mama Dympna siku zote.

Mama Dympna kautazama mstari muda mrefu. Mwisho kasema mpe tu huyu Cloonkeel, mimi kura ninazo za kutosha.

Jumatatu, Mei 6

Mvua. Mboji imekuwa uji.

Jumamosi, Mei 11

Leo naandika kirefu kwa sababu kuna kitu nimekiona.

Tulikuwa Cloonkeel. Nyumba thelathini na moja. Mimi nakaa getini, watu wanasahau kwamba nina masikio. Mlangoni wanamwambia Mama Dympna maneno mazuri sana. Wanamshika mkono. Mzee mmoja alimletea mayai. Halafu wanasema, wewe huna haja ya kuhangaika na mvua hii, uko salama. Uko salama, Dympna. Nani atakugusa wewe.

Nikaanza kuhesabu. Kila anayesema salama napiga kijiti pembeni ya jina lake. Vinne vimesimama, cha tano nakilaza juu ya hivyo vinne. Jioni nikavihesabu, kumi na saba. Kumi na saba kati ya thelathini na moja.

Ninavyoona mimi, mtu anayekwambia uko salama hakupi namba moja. Namba moja ni kama kipande cha mwisho cha keki mezani. Hampi aliyeshiba. Anampa anayedhani ana njaa, halafu wewe anakupa mbili na tabasamu. Na wakifanya hivyo wengi, aliyeshiba analala njaa.

Nilitaka kumwambia Mwalimu garini. Nilifungua mdomo. Akaniangalia kwenye kioo kama alivyokuwa akiniangalia darasani nikiwa sijajua jibu, nikaufunga.

Mama Dympna alikuwa anaimba. Ana mayai mapajani.

Jumapili, Mei 12

Sijasema.

Jumamosi, Mei 18

Mazishi ya mzee Pakie Moran, baba mkwe wa Attracta. Wagombea wote tisa tulikuwepo, kanisa lilijaa mpaka nje. Lavelle kavaa koti refu jeusi, anaongoza jeneza kwa upole mpaka unatamani kufa siku hiyohiyo akushughulikie. Hakuomba kura hata moja. Haombi. Anakushika tu kiwiko.

Mama Dympna alikuja na sahani mbili za mikate ya nyama, akaingia moja kwa moja jikoni kwa wafiwa kuosha vikombe. Saa nzima hakuna aliyemwona isipokuwa mimi, nilikuwa nafuta. Akaniambia, Malachy mwanangu, siasa ni hii hapa, yale mengine ni mabango.

Nilitaka kumwambia yeye sasa. Mikono yake ilikuwa kwenye povu. Alikuwa amechoka, na amefurahi. Nikafuta kikombe kingine.

Jumapili, Mei 19

Mvua. Nimegeuza mboji kidogo, imerudi ilivyokuwa.

Jumamosi, Mei 25

Leo nimeongea.

Nilikwenda peke yangu Derryvoola, nyumba za juu kabisa, ambako nimezaliwa. Nilikuwa nimejizoeza sentensi moja kwenye katapila wiki nzima, pale kelele ni nyingi hakuna anayesikia. Nyumba ya kwanza kwa Colie Ruane. Huyu tangu utoto wetu ananiita Bubu. Kafungua mlango, kakunja mikono, kangoja.

Nikasema, "Colie, usinipe mimi namba moja. Mpe Mama Dympna moja. Mimi nipe mbili."

Kaniuliza kama nimegonga kichwa. Nikarudia. Akasema amefungua mlango huu kwa wagombea tangu alipompokea baba yake hii nyumba, hajawahi kuona mtu anakuja kuombea kura mtu mwingine. Akamwita mke wake aje asikie. Mke wake kaja na unga mikononi. Ikabidi niseme mara ya tatu, mbele ya wawili.

Nyumba kumi na mbili nilisema hivyohivyo. Nilirudi nyumbani moyo mwepesi. Nikajiambia nimeziba lile tundu linalovuja kura za Mama Dympna.

Jumanne, Mei 28

Sijaziba kitu. Nilikwenda dukani kwa Ruane kununua misumari, watu watatu wameniparamia. Habari imeshuka mlima mzima. Colie anawaambia watu Bubu ni mtu mwaminifu pekee kwenye karatasi ile, na wao Derryvoola hawajawahi kuwa na mtu wao barazani tangu nchi ipate uhuru, barabara inazama kila Januari, na sasa wamempata mtu ambaye hata kura hazitaki.

"Namba moja, Bubu," Colie kaniambia. "Ukipenda usipende."

Nikamuuliza, na Mama Dympna je? Kasema Dympna yuko salama.

Jumamosi, Juni 1

Jua. Jua lenyewe, siku nzima. Upepo pia.

Nilikwenda kinamasini kusimamisha mboji, vipande vitano vitano, vimeegemeana kama watu wanasengenya. Saa nne nikasikia mtu anapumua nyuma yangu, Mwalimu Tarpey, kavaa buti za mvua na tai. Kasema kampeni ikitaka kukuua nenda ukashike udongo. Akainama akaanza kusimamisha naye. Ana miaka sabini na moja. Anasimamisha vizuri kuliko mimi.

Tulisimamisha saa mbili. Baadaye kakaa juu ya ndoo, kanywa chai yangu, kaniambia alikuwa na wanafunzi arobaini na sita kwenye chumba kimoja mwaka ule, na yule aliyekaa kimya nyuma alimshukuru Mungu tu kwamba amekaa kimya. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mlima.

Kama kulikuwa na saa ya kumwambia, ndiyo ilikuwa ile. Lakini alikuwa na matope mpaka kwenye tai, na anacheka peke yake. Nikammiminia chai iliyobaki.

Ijumaa, Juni 7

Leo wamepiga kura. Kituo ni shule yangu ya zamani, chumba kilekile. Karatasi ndefu kama taulo, nyuso tisa, penseli imefungwa kamba kama mbuzi. Carabine moja. Keaveney mbili. Nikaishia hapo.

Mama naye kasema kampa Mama Dympna moja. Nikamuuliza na mimi mwanao. Kasema, "Wewe nakupa chakula, baba."

Jumamosi, Juni 8

Ukumbi wa michezo wa Ballycorra, hesabu. Nimerudi sasa hivi, chakula cha jioni kipo mezani, siwezi kula.

Asubuhi masanduku yanafunguliwa, makarani wanakunjua karatasi moja moja juu ya meza ndefu. Sisi watu wa vyama tunasimama nje ya uzio wa mbao, tumeinama juu yake, tunachungulia kila karatasi inayofunguliwa na kupiga kijiti kwenye jina lenye namba moja. Hayo si matokeo. Lakini saa sita mchana vijiti vinajua karibu kila kitu, na matokeo yenyewe huchukua siku mbili kukubali.

Mwalimu kanipa sanduku la Derryvoola, kanipa na penseli yake. Vijiti navijua. Karatasi zikaanza. Keaveney. Keaveney. Lavelle. Keaveney. Mkono ukawa unapiga, macho yanataka kufumba. Kwenye mstari wa Carabine pale Derryvoola niliweka vijiti tisa. Kwangu nilijaza ukurasa, nikageuza.

Nikasema si kitu, huko ni milimani, ndiyo mpango wenyewe. Nikaenda pale aliposimama Mwalimu, sanduku la Cloonkeel. Karatasi yake ilikuwa inafanana na yangu. Akapiga kijiti kwenye Keaveney, kingine, kingine. Hakuinua kichwa.

"Wamempa mbili wote," akasema. "Mbili, mbili, mbili. Wanampenda wote, hakuna aliyempa moja."

Nikamwambia najua. Akadhani nasema juu ya leo.

Mama Dympna yuko upande wa pili anagawa mikate ya nyama kwa makarani, na kwa watu wa Lavelle pia.

Jumapili, Juni 9

Naandika kama ilivyokuwa.

Mpaka saa nane mchana wanne walikuwa wamepita, wawili wametolewa. Kiti kimoja kimebaki na watu watatu: Lavelle, Mama Dympna, mimi. Msimamizi wa uchaguzi kapanda jukwaani na karatasi. Lavelle elfu moja na kumi. Keaveney mia nane tisini na nne. Carabine mia nane themanini na tatu.

Kumi na moja. Aliye chini anatoka, na aliye chini ni yeye.

Kila mtu pale alijua. Ningekuwa chini mimi, kura zangu zingembeba yeye mpaka ndani, kama ilivyopangwa. Mwalimu akaomba zihesabiwe upya. Mimi nikatoka nje nikasimama karibu na mapipa ya takataka nikaomba Mungu anipoteze kura kumi na mbili. Sijawahi kuomba kitu kwa bidii hivyo, hata baba alipokuwa mgonjwa, na nikaona aibu kwa hilo.

Saa kumi na moja wakarudi. Keaveney mia nane tisini na tatu, Carabine mia nane themanini na nne. Tisa.

Basi wakazichukua kura zake. Wakazifungua tena mezani, moja moja, kuona namba mbili zake. Mimi nimeshika uzio. Kila karatasi aliyoipigania miaka ishirini na tano ilikuwa inafunguliwa, na mbele ya jina langu kuna mbili. Mia sita thelathini na moja. Alikuwa amewaambia yeye, mlango kwa mlango, kwenye mvua, huku mimi nakaza mageti.

Lavelle alipata mia moja na kumi na nane. Akaja akanishika kiwiko, akasema pole, halafu akajisahihisha, akasema hongera. Ni mazoea ya kazi yake.

Watu wa Derryvoola wakaninyanyua mabegani, Colie Ruane analia kama mtoto. Kutoka kule juu nilimwona Mama Dympna. Kakaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Anapiga makofi.

Nikapelekwa kwenye kipaza sauti. Nikasema, "Kiti hiki ni cha Mama Dympna." Nikashuka. Walishangilia, wakadhani ni heshima. Sikuwa natoa heshima. Nilikuwa nasema kweli.

Jumatatu, Juni 10

Mwalimu kaja asubuhi, hakukaa. Kasema kuna njia. Diwani akijiuzulu, chama chake ndicho kinataja wa kushika nafasi, bila uchaguzi. Niandike barua, mistari mitatu, na Mama Dympna atarudi kwenye kiti chake kabla mabango hayajashushwa.

Nilihisi kama mtu aliyetolewa jiwe kifuani. Nikasema naandika leo.

Mlangoni kasimama. Kasema, "Ulikuwa unajua kuhesabu, Keaveney. Mimi ndiye sikuuliza." Akaenda zake.

Jumanne, Juni 11

Nimeandika barua. Mara sita. Ya sita inasomeka.

Mama kaisoma, kairudisha. Kaenda kutazama mboji.

Jumatano, Juni 12

Nilimkuta Mama Dympna jikoni, kapanga mezani mafaili ya miaka yote, barabara, taa, mifereji, nyumba za wazee. Nikampa barua. Kaisoma amesimama. Halafu kakaa, kaisoma tena.

Kaniuliza nani kaniambia niandike. Nikasema Mwalimu, lakini nataka mwenyewe. Kaniuliza nataka kwa sababu yake au kwa sababu naogopa. Nikasema yote mawili, na makaratasi ya baraza yanakuja mazito kama Biblia, mimi nitayasoma lini.

"Kusoma nitakusomea," akasema. "Jumanne na Alhamisi, hapahapa. Hilo si tatizo. Tatizo ni hili. Nikirudi kwa barua, nitawaangaliaje Derryvoola? Mara ya kwanza katika maisha yao wamepata mtu, halafu namchukulia kiti chake kwa mlango wa nyuma?"

Nikasema kiti ni chake.

"Kilikuwa cha kuazima, mwanangu. Na nilipokuwa nasema mlangoni kwa watu, mpeni huyu mbili, ulidhani nilikuwa natania? Mia sita walinisikiliza. Usiwafanye wajinga, na mimi usinifanye mwongo."

Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti haikuyumba. Akaikunja barua mara mbili, mara nne, mara nane, akainama kwa shida, goti lake linamsumbua siku hizi, akaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza. Akaegemea kwa mikono miwili. Meza ikatulia.

"Itakaa hapo miaka mitano," akasema. "Ukiitaka wakati huo, utainua meza mwenyewe."

Akanimiminia chai, na haikumwagika. Tangu Aprili nilikuwa nasema nitaitengeneza meza ile.

Alhamisi, Juni 20

Somo la tatu. Kurasa kumi na moja za maji taka. Mama Dympna anasoma kwa sauti, mimi nafuata kwa kidole. Mambo ya maji taka nayajua kuliko walioandika.

Jumamosi, Juni 29

Tumeleta mboji nyumbani, kavu, inagongana kama chupa. Colie kaja na trela, Mwalimu kaja na tai. Mama kapika kwa watu wanane. Colie leo kaniita Diwani Bubu.

Jumatatu, Julai 8

Kikao changu cha kwanza. Mvua ilianza tulipotoka nyumbani. Mama Dympna kanipeleka kwa gari lake, akaketi nyuma kabisa pamoja na wananchi, chupa ya chai miguuni, daftari lake mapajani. Wenzake wa zamani walikuja mmoja mmoja kumwamkia. Mhudumu wa mlango alimletea mto wa kiti.

Ilipofika barabara ya Derryvoola mwenyekiti kaita jina langu. Nikasimama. Niliongea juu ya kalavati pale barabarani, chini kidogo ya kwa Ruane, kwamba ni nyembamba, kwamba haikuwekwa kwa mteremko wa maji, kwamba mvua yote ya mlima inapita hapo, kwamba naweza kuwaonyesha. Nikakaa. Mhandisi aliandika. Kasema atakuja Jumatatu ijayo.

Garini kabla hajawasha injini kanifungulia daftari. Katikati ya ukurasa mweupe kapiga vijiti vinne vimesimama.

"Sentensi nne," akasema. "Niliwahi kumsikiliza diwani saa nzima hazikufika nne."

Mvua inapiga kioo. Nikaviangalia vile vijiti. Na nikaona nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha yangu yote.

"Mama Dympna, niliona tangu Mei," nikasema. "Wale wa Cloonkeel waliokwambia uko salama. Niliwahesabu, kumi na saba. Nilijua watakupa mbili. Sikumwambia mtu."

Alifuta ukungu kwenye kioo kwa mkono wa sweta.

"Wewe ulikuwa getini," akasema mwisho. "Mimi nilikuwa mlangoni. Unafikiri sikusikia? Miaka ishirini na tano napiga hodi, najua mtu akisema uko salama anasema nini." Akacheka kidogo, kicheko cha pua. "Lakini ni neno zuri, Malachy. Kwenye mvua ile, na goti hili. Nilipenda kulisikia."

Akachukua penseli, akalaza kijiti cha tano juu ya vile vinne. Akawasha gari.